Bosi anaziangalia chati zangu kisha anauliza "sasa hii inasema nini?" Nisaidieni wakuu

Mtunzaripoti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu.

Kazi yangu ni kuandaa ripoti ya malalamiko ya wateja kila mwisho wa mwezi. Data zenyewe ziko safi, nazikusanya na kuzihakiki mwenyewe. Shida inaanza zikigeuka picha. Chati ya kwanza ni duara la 3D lenye vipande 11, kila idara na rangi yake, ufunguo unaoeleza rangi ipi ni ya nani uko pembeni. Ya pili ni grafu ya miezi 24 yenye mistari miwili: mhimili wa kushoto ni idadi ya malalamiko, wa kulia ni wastani wa siku tunazotumia kujibu. Kwa macho yangu zinavutia. Ila kikaoni watu wanazitazama, kimya, halafu bosi anauliza, "Sasa hii inasema nini?" Naishia kueleza kwa mdomo kila kitu ambacho chati ndiyo ilitakiwa ieleze.

Nitafute programu ya maana kuliko Excel, nijifunze kuandika kodi za kompyuta, au tatizo liko kwingine? Mwenye uzoefu anisaidie. Hata kejeli napokea, ila ziwe na takwimu.

Kijivu

Excel haina kosa. Mjibu bosi hapa hapa, kwa sentensi moja: inasema nini?

Mtunzaripoti

Inaonyesha malalamiko ya kila idara pamoja na muda wa kujibu.

Kijivu

Hayo ni yaliyomo. Nimeuliza inasema nini. Bosi akikukuta mlangoni anakimbilia kikao kingine, utamwambia lipi?

Mtunzaripoti

Aah, hapo sawa. Ningemwambia malalamiko hayajaongezeka sana, ila tangu Machi tunachelewa kujibu, na mzigo mkubwa uko idara mbili, ya malipo na ya usafirishaji.

Kijivu

Sasa umesema kitu. Yaandike hayo juu ya chati, pale ulipoweka "Malalamiko kwa Idara". Halafu ona: hapo kuna mambo matatu, yaani idadi, muda na idara. Duara lako linagusa moja tu, tena kwa shida. Anza na unachotaka kionekane, aina ya chati itajichagua yenyewe.

Pembenyuzi

Hilo duara lina historia ya kuchekesha. William Playfair, Mskoti, ndiye aliyechapisha grafu za mstari na chati pau za mambo ya biashara mwaka 1786. Huyohuyo, mwaka 1801, akatuletea na chati duara. Tungemkamata katikati tungepona.

Utani pembeni. Mwaka 1984 wanatakwimu William Cleveland na Robert McGill waliwapima watu kuona jicho linakadiria vipi vitu vilivyochorwa. Linafanya vizuri zaidi linapolinganisha nafasi kwenye skeli moja. Urefu na pembe vinafuata kwa mbali, eneo liko chini yake, ujazo chini zaidi, na ukolezaji wa rangi ndio wa kuaminika kidogo kabisa. Duara linamtaka msomaji apime pembe na maeneo. Pau zinazoanzia mstari mmoja zinamtaka aone tu ncha ipi imefika mbali. Kipande cha asilimia 14 na cha asilimia 12 kwenye duara ni mapacha. Kwenye pau mshindi anajulikana mara moja. Hiyo 3D ndiyo inaharibu zaidi, maana kipande kilicho mbele kinaonyeshwa mpaka ubavu wake na kinaonekana kinene kuliko kilivyo. Kama idara ya malipo imeangukia mbele, umeionea bila kukusudia.

Kwa hiyo tumia pau za kulala, majina ya idara yasomeke bila mtu kupinda shingo. Zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, achana na alfabeti. Mbili za juu zipe rangi moja iliyokolea, tisa zilizobaki ziwe kijivu. Andika namba kwenye ncha ya kila pau, kisha ondoa mistari ya gridi na namba za mhimili, hazina kazi tena. Duara lihifadhi kwa siku utakayokuwa na vipande viwili au vitatu na unachotaka kuonyesha ni "zaidi ya nusu".

Mwalimu wa Namba

Naongezea: mhimili uanzie sifuri. Siku zote. Usipoanzia sifuri unadanganya watu, hakuna cha kujadili.

Pembenyuzi

Kwa pau nakubali, kwa sababu pau inasomwa kwa urefu wake. Ukianzia 50, pau ya 52 inakuwa ndefu mara mbili ya pau ya 51. Mstari husomwa kwa mwelekeo, hiyo ni habari nyingine. Chora joto la mgonjwa kwenye mhimili wa kuanzia sifuri, kisha tafuta tofauti ya nyuzi 37 na 40. Mtu anaweweseka kwa homa na grafu imetulia tuli! Skeli ikuze yale mabadiliko yenye maana katika kazi husika, na namba za mhimili ziwe wazi ili mtu asijidanganye.

Mwalimu wa Namba

Kwenye joto la mwili umenishinda. Kwenye ripoti za ofisi bado naanzia sifuri, maana nawajua watu wanavyopenda kukuza vichuguu viwe milima.

Ndugu Mhimili

Nashangaa mihimili miwili imepita bila kuguswa. Bosi anapotelea hapo. Mistari yako miwili inakutana wapi kwenye grafu? Popote pale inapokutana, hakuna kilichotokea siku hiyo. Vuta skeli ya kulia kidogo na makutano yanahamia mwezi mwingine. Lakini msomaji akiona mistari imekatana anaamini kuna tukio, na kama inapanda pamoja anaamini mmoja unausukuma mwingine. Tenganisha. Grafu ya idadi juu, ya siku chini yake, zote zitumie mhimili mmoja wa miezi ili Machi ya juu ikae sawa na Machi ya chini. Halafu pale Machi weka mstari mwembamba wa wima na maneno mawili matatu ya kilichobadilika, kama unakijua.

Na ufunguo wa pembeni ufute. Andika jina la mstari mwishoni mwa mstari wenyewe.

Jedwali Tu

Mnazunguka mbuyu. Idara 11, namba 11. Weka jedwali watu wasome, tulale.

Kijivu

Kwa idara una hoja, na mtu anayetaka namba kamili hakuna chati itakayomshinda jedwali. Kwa miezi 24 nakukatalia. Francis Anscombe, mwaka 1973, alitunga seti nne za data, kila moja ina jozi 11 za namba. Wastani ni uleule, mtawanyo karibu uleule, korelesheni (kipimo cha jinsi namba mbili zinavyokwenda pamoja) 0.816 kwa zote, hata mstari wa mwelekeo ni mmoja. Kwenye jedwali la muhtasari ni kitu kimoja. Zichore sasa: ya kwanza nukta zimetawanyika kawaida, ya pili zimepinda kama upinde, ya tatu zimenyooka isipokuwa moja iliyotoroka, ya nne zimesimama wima zote kasoro moja tu iliyokaa mbali, na hiyo moja peke yake ndiyo inayouvuta mstari mzima.

Hapo narudi kwa mleta uzi. Umesema "wastani wa siku". Lalamiko moja likikwama miezi mitatu linaweza kuupandisha wastani wa mwezi mzima hata kama wengine wote wamejibiwa kesho yake. Chora kila lalamiko kama nukta moja, pitisha juu yake mediani (ile ya katikati ukizipanga zote kwa ukubwa), kisha uje useme umeona nini.

Mtunzaripoti

Nimerudi. Aisee.

Mediani karibu haijasogea tangu mwaka jana. Kuanzia Machi kuna kundi dogo la nukta limeelea juu kabisa peke yake, na karibu zote ni za usafirishaji. Malipo wana malalamiko mengi kweli, ila wanayajibu haraka kama kawaida. Kwa hiyo sentensi imegeuka: wateja wengi tunawajibu kama zamani, kesi chache za usafirishaji ndizo zinazokwama. Hii na ile ya mwanzo zinampeleka bosi kwenye ofisi mbili tofauti kabisa!

Mawili yamebaki. Idara nne za chini zina malalamiko mawili matatu tu kila moja, nizitoe chati ipumue? Na nilitaka zilizokwama ziwe nyekundu, zilizojibiwa ziwe kijani. Kuna neno?

Pembenyuzi

Nyekundu na kijani hapana. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri rangi hizo. Kwingine kiwango huwa chini, lakini huwezi kujua nani amekaa kwenye kikao chako. Chungwa iliyokolea kwa zilizokwama, kijivu kwa zilizobaki. Printi nyeusi na nyeupe uone kama bado inasomeka.

Ndugu Mhimili

Idara ndogo zibaki. Kama zinakula nafasi zikusanye kwenye pau moja ya "Idara nyingine nne", ila zisipotee. Kuondoa kisichopendeza kuna watu kumewagharimu. Usiku wa kuamkia kurushwa kwa chombo cha anga cha Challenger, Januari 1986, wahandisi walihofia kwamba baridi ingeziathiri pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Kwenye majadiliano zikalinganishwa safari zilizopata hitilafu peke yake, na kwa hizo uhusiano na joto haukuonekana vizuri. Safari salama hazikuwekwa. Chombo kikarushwa, kikasambaratika angani. Tume iliyochunguza ajali ilipoziweka zote pamoja ikakuta hivi: safari 4 zilizorushwa joto la maungio likiwa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi zote zilikuwa na hitilafu; lakini kati ya 20 zilizokuwa na joto zaidi ya hapo, ni 3 tu zilizokuwa nayo. Waliokuwamo walikuwa saba, hakupona mtu. Zile nukta "zisizo na habari" ndizo zilizobeba habari.

Jedwali Tu

Na namba kamili zitakaa wapi?

Mtunzaripoti

Mkuu jedwali lako linaenda kwenye kiambatisho, lala salama. Ila kuna jambo sikulisema: siku za kikao bosi anaziona kwenye projekta, siku nyingine zote anasomea ripoti kwenye simu.

Kijivu

Basi chora kwa ukubwa wa simu tangu mwanzo, ukubwa wa projekta utafuata wenyewe. Chati moja kwa skrini, maandishi makubwa. Na pembeni ya zile nukta za chungwa andika kilichozikwamisha, kwa maneno machache. Hilo ndilo swali lake linalofuata, na kwenye simu hutakuwepo kumjibu.