Mrejesho: ramani ya michakato ya ushirika wa maziwa, Nakuru

Niliuliza tuanzie wapi kuchora michakato yote ya ushirika wetu kwenye ramani moja. Asanteni sana, ushauri wenu umetufaa.

Kosa letu lilikuwa kuanza na chati ya idara. Ukichora hivyo unapata orodha ya ofisi tu, na kazi inayovuka idara mbili haionekani. Tumefuta, tukaanza na anachotaka mkulima na anachotaka mnunuzi. Ngazi ya juu sasa ina michakato 9: 4 ya msingi, 3 ya kusaidia, 2 ya uongozi. Mfumo wa APQC, shirika la Marekani linalotoa orodha ya kawaida ya michakato ya biashara, una makundi 13. Tuliutumia kukagua tulichosahau, si kunakili.

Kila mchakato una jina la kitenzi (“Pokea maziwa”, si “Mapokezi”), tukio la kuanza, tukio la kumaliza na msimamizi mmoja. Hapo pa msimamizi ndipo pagumu. Chukua maziwa yaliyokataliwa: laktometa (kipimo cha uzito wa maziwa) inasoma 22, dalili kwamba yametiwa maji, karani anarudisha mtungi, kumbe kilo zilishaandikwa kitabuni. Mwisho wa mwezi mkulima anamlalamikia mhasibu, ambaye hana habari. Sasa kupima kunatangulia kuandika, na mchakato unaishia kwenye risiti mkononi mwa mkulima.

Michoro ya BPMN (alama sanifu za kuchora hatua za mchakato) tumeiweka ngazi ya 3 pekee, yaani ya hatua za kina, kwa mapokezi na malipo. Wenye pikipiki wanaoleta maziwa si waajiriwa wetu, kwa hiyo wamechorwa kama washiriki wa nje.