Tupeane uzoefu: ukitoa mama fulani, mke wa fulani na cheo cha kazini, unabaki nani?

Baiskeli ya Ifakara (mwanzisha mada)

Habari za jioni wadada na wamama wa humu, na shikamoo kwa mlionizidi. Naanza na masharti kabisa: siombi ushauri wa ndoa, sijagombana na mtu, mume wangu huyu hapa pembeni anaangalia taarifa ya habari.

Ni hivi. Kikoba chetu huku Morogoro tulikuwa tunafungua akaunti ya kikundi, benki wanataka majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Katibu akaanza kusoma, akaita Asteria, kimya. Akaita tena, Asteria jamani lete namba yako, watu tunaangaliana, wengine wakadhani kuna mwanachama kaingizwa kinyemela, kumbe ni mama Junior, kakaa pale pale mbele anahesabu hela za mfuko wa jamii, na hakuitika kwa sababu hajaitwa hivyo tangu mama yake mzazi afariki. Tulicheka mpaka mwenyekiti akatishia faini. Ila mimi ikanikaa. Hawa watu tumezikana, nimewapikia kwenye harusi za watoto wao, najua nani ana presha na nani ana sukari, majina yao siyajui. Wanapenda nini pia sijui.

Sasa nauliza, ukivuliwa hivyo vyote, mama nani, mke wa nani, madam, nesi, mheshimiwa, kuna kitu gani kinabaki ambacho ni wewe tu, na ulikijuaje? Nataka visa, nasaha kaa nazo.

Mimi ni baiskeli. Nimekulia Ifakara, na aliyefika kule anajua, mwanamke anapiga pedeli na mtoto mgongoni, ndoo nyuma, na bado anakupungia mkono. Nilipoolewa nikawa mke wa mwalimu mkuu, nikaambiwa kistaarabu tu kwamba haipendezi. Nikaacha. Mwaka jana nikanunua mtumba, natoka saa kumi na mbili asubuhi barabara ya Bigwa nakwenda narudi, nikifika nyumbani nawakuta bado wamelala. Sipunguzi unene wala sitangazi mazoezi, napenda ule mteremko tu basi.

MamaMch

Umenigusa mahali pabaya. Mimi ni mama mchungaji, usharika mmoja huku Nyanda za Juu. Hamjui kazi ya mama mchungaji nyie. Huna mshahara lakini una saa za kazi. Ukinunua nyanya huwezi kukomaa na bei, watasema mama mchungaji ana roho ndogo. Ukinyamaza msibani huna upendo, ukilia sana huna imani. Gauni likiwa jipya ni sadaka zetu hizo, likiwa la zamani mnatuaibisha. Na uwe unatabasamu muda wote, mpaka taya inauma, sitanii.

Kitu changu ni mpira. Baba yangu hakuwa na mtoto wa kiume kwa muda mrefu, akawa ananibeba mimi kwenda kusikiliza redio kwa jirani, najua wachezaji wa enzi hizo kuliko vitabu vya Agano la Kale Mungu anisamehe. Siku ya watani wa jadi, Simba na Yanga, namuaga mume wangu naenda kumuona dada Makambako, na yeye anajua vizuri sana naenda kufanya nini, ananipa na nauli. Kwa dada navaa jezi, najifunga kanga kiunoni, napiga kelele mpaka sauti inakauka. Jumapili kwaya wananiuliza mama umeshikwa na mafua?

DagaaKirumba

MamaMch nimecheka mbele ya wateja hapa 😂😂

Mimi sina mtoto, niseme mapema watu wasianze kuniombea. Niko Mwaloni Kirumba Mwanza, nauza dagaa kwa magunia. Sasa mtu asiye na mtoto kwenye mitaa yetu ni tabu, watu hawajui wakuite nani. Nilipohamia walikuwa wanakwama kabisa, "mama... mama eeh... mama mwenye duka". Mwisho wakakubaliana mama Dagaa. Mwanzoni nilikuwa naumia, nikawa nafunga biashara mapema nisikae kwenye stori za jioni, maana stori zenyewe ni watoto mwanzo mwisho, nani kaota jino, nani kafaulu.

Kilichonibadilisha si semina. Kuna msimu dagaa walikuwa wengi mno, bei imekufa, na mvua kila siku wakawa hawakauki, wenzangu wanamwaga. Mimi marehemu bibi alinifundisha kuwaangalia, ukimkunja dagaa akavunjika mkavu sawa, akipinda kama uzi huyo bado, usimfunge kwenye gunia ataoza ndani. Wakaanza kuniletea viganja vyao, mama Dagaa hebu angalia hawa, mama Dagaa tufunge au tusubiri? Wanaume wenye magari yao wanasubiri mimi nikunje dagaa. Nikaona kumbe hili jina nimelipata kwa mkono wangu mwenyewe, sikuzaa mtu nikalirithi kwake.

Na mkumbuke Bi Kidude, Fatma binti Baraka. Hakuacha mtoto. Alipiga ngoma, aliimba, alivuta sigara yake mbele za watu, akapewa tuzo ya kimataifa ya muziki ya WOMEX 2005 akiwa bibi kizee, na alipofariki Aprili 2013 sikusikia mtu anauliza marehemu alikuwa mama nani.

Baraka wangu

Mimi mtaniwia radhi lakini hii mada inaniudhi kidogo. Mnaongea kama kuitwa mama fulani ni mzigo. Mimi nimekaa kwenye ndoa miaka na miaka naitwa "yule wa nyumba ya kona", mawifi wanaongea mafumbo, nimekunywa kila mti unaoujua. Siku nimeenda kliniki na mtoto, nesi anaita kwa kadi za watoto, akaita mama Baraka. Nilichelewa kuitika kwa makusudi ili aite tena. Akaita tena. Nikachelewa tena! Akanigombeza, nikaona raha. Mimi hilo jina msinivue, hicho ndicho kinachobaki mkinitoa vingine vyote.

Baiskeli ya Ifakara

Baraka wangu, hakuna anayekuvua mamii. Uzoefu ndio huo, nimeupokea na mikono miwili. Tuendelee.

kaka_mtulivu

Na sisi wanaume je? Mimi mtaani naitwa baba Precious, mbona silalamiki?

DagaaKirumba

Baba Precious, kadi ya gari jina lako, hati ya kiwanja jina lako, mkataba wa nyumba jina lako. Baba Precious unaitwa ukiwa unakunywa supu tu.

Wakili wa mtaa

Hapo kwenye hati niingie kidogo kisha nitoke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimlazimishi mwanamke kubeba jina la mume, ni mazoea na mapenzi tu. Na kifungu cha 56 kinampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Nakutana na wadada wameandika kiwanja walichonunua kwa hela yao "Mrs fulani", cheti cha shule jina lingine, kitambulisho jina la tatu, likitokea la kutokea anahangaika na viapo kuthibitisha kwamba yeye ndiye yeye. Andikeni majina yenu. Nimetoka.

kadzo_wa_kilifi

Mimi niko Ghuba huku, kazi ya nyumba, kwetu ni Kilifi. Jina langu ni la Kigiriama. Siku ya kwanza tu madam akasema hilo siliwezi, wewe ni Fatuma. Alhamdulillahi ni jina zuri lakini sio langu, mimi hata sio Muislamu. Wageni wakija sio hata Fatuma, ni kadama, yaani mtumishi wa ndani, kadama leta gahawa, kadama chukua mtoto. Na nyumbani nako nikipiga simu, salamu ya kwanza ni je, ushatuma?

Usiku nikimaliza vyombo najifungia chumbani, ni kistoo chenye kitanda, natoa simu naanza kujirekodi. Natunga mashairi. Nyanya yangu alikuwa akitunga za kuliza watu matangani na mimi ndiye nilikuwa nikimuitikia. Najirekodi polepole kwa sababu ukuta ni mwembamba, na kila shairi mwanzo nataja jina langu na la mama na la nyanya. Sijampelekea mtu hata mmoja. Kuna siku madam alinisikia akauliza unaongea na nani, nikamwambia naomba dua.

form3_tena

Dada Kadzo tutumie moja pls 🙏

Mimi mdogo kuliko wote humu nadhani, shkamooni. Nilipata mimba 2018 nikiwa form three nikafukuzwa, enzi zile ukishapata ndio basi. Nikawa mama Ivan nina miaka 17, watu wazima wananiamkia shikamoo kwa kunikejeli. Novemba 2021 serikali ilipotoa waraka kwamba waliojifungua warudi shule, baba alisema kapeleke aibu yako mbele, ila mama akauza mahindi akaninunulia sare.

Sasa kitu ambacho sikutegemea, darasani niliitwa jina langu la rejista. Mwalimu wa jografia anaita namba saba, halafu jina, naitika "present" kwa sauti mpaka wenzangu wanacheka. Mimi napenda ramani. Unapewa kikaratasi cha mistari ya kontua, imebanana hapa, imeachana kule, unaambiwa mto unatiririka kuelekea wapi, na mimi nauona mlima kabisa umesimama! Nikifika nyumbani mtoto, kuni, maji, narudi kuwa mama Ivan, sichukii, nampenda mwanangu kufa. Ila ile saa ya ramani sikuwa mama wala aliyewahi kufukuzwa.

Mheshimiwa Mstaafu

Nilikuwa diwani wa viti maalum 2015 hadi 2020. Simu ilikuwa inalia mpaka chooni. Kura za ndani zikanitupa, na kwa wiki nzima nikaona mtandao umekufa mtaani kwetu, nikamtuma mtoto aongeze salio. Salio lilikuwepo. Niliowasomeshea watoto wakinikuta sokoni wanasema "ooh mheshim... mama za siku". Hilo neno kukatika katikati ndilo lilikuwa linaniuma kuliko kura zenyewe.

Sasa hivi niko Ruaha Mbuyuni, nalima vitunguu. Nilidhani ni kupoteza mawazo, nikagundua napenda ubishi wa shamba. Vitunguu havikupigii makofi. Ukizidisha maji kuelekea kuvuna vinaoza shingo, na huwezi kuvihutubia.

Mshona Viua

Asalaam alaykum. Mie Unguja. Nlikaa eda ya mume wangu, miezi minne na siku kumi, na nyumba ilijaa watu wanajua kila kitu juu yangu: mjane wa fulani, ndugu zake fulani, ataolewa na nani. Mie nikavuta kikapu changu cha kofia. Kofia ya viua unatoboa kitundu, unakizungushia uzi mpaka kikaze, ndo kiua kimoja, kisha kingine ubavuni pake, mpaka mchoro ujitokeze. Nlipokuwa kigori nlikuwa nashona michoro yangu mwenyewe, baada ya kuolewa nikawa nashona ya kuagizwa na wateja wa mume tu. Ile eda nlichora wangu. Shemeji akasema nani atavaa hii, mbona haifanani na za watu? Nikamwambia sijakuomba uvae.

Imenunuliwa na bwana mmoja wa Pemba, hakupunguza hata shilingi.

Baraka wangu

Haya nimesoma zote. Mimi pia nina jambo, naomba msicheke. Napenda kuangalia ndege za abiria zinavyotua, huwa nashuka daladala kabla ya kituo changu nakaa pale karibu na uwanja na kimfuko cha karanga. Mume anajua nachelewa foleni.

kaka_mtulivu

MamaMch, mbona jezi hujataja rangi?

MamaMch

Kaka achana na mimi. Mzee wa kanisa anayesaini hati zetu za matumizi ni wa upande wa pili, na yumo humu ndani nimeona anasoma kimya kimya.