Yadi imejaa, kutoa kontena moja ni kuhamisha sita. Nisaidieni wadau

Supa_Nakuru:
Wadau habari zenu. Mimi ni supavaiza kwa yadi ya makontena hapa nje ya Nakuru, mengi yetu yanaenda Malaba na Busia. Tuko na richistaka moja, ile mashine ya kuinua na kupanga makontena, tunapanga manne kwenda juu, na likifika linawekwa popote penye nafasi. Jana saa kumi dreva wa Busia akaja karatasi zote ziko sawa, kumbe lake liko chini kabisa safu ya nyuma. Ikabidi tutoe ya mbele kwanza, halafu matatu ya juu yake, mvua ikaanza, tope, jamaa akatoka getini saa tatu usiku na mimi nilishindwa hata kumwangalia usoni. Bosi anataka tukodi ploti ya jirani. Kweli ni ploti tunakosa ama ni vile tunapanga?

Mzee_wa_Gati:
Pole sana ndugu yangu. Nilifanya Mombasa miaka mingi kabla nirudi Kakamega. Ploti ngoja kwanza. Likiingia getini uliza linatoka lini, ajenti wa mteja asipojua muulize karatasi zimefika wapi. La kesho likae juu na mbele, la wiki mbili ndio liende nyuma. Ila uzito pia uangalie, zito lisikalie jepesi. Na hiyo mashine yako hufika kwa mbele tu, kwa hivyo usipange kina kirefu, acha njia pande zote mbili za bloku, yaani kila kundi la safu.

Dala_KSM:
Mimi ningempa kila mteja bloku yake.

Mzee_wa_Gati:
@Dala_KSM hapana, hapo ndio nafasi huisha. Huyu bloku yake nusu tupu, yule yake imefurika na huwezi kugusa ya mwenzake. Gawa kwa safari, Malaba huku Busia kule, basi. Na usijaze mpaka mwisho, ukipanga manne juu acha nafasi tatu wazi hapo karibu, ndio ukitafuta la chini yale matatu yawe na pa kushukia.

Supa_Nakuru:
Asante mzee, hizo nafasi tatu hatujawahi kuacha. Na matupu je? Yako mbele kabisa karibu na njia.

Mzee_wa_Gati:
Yatoe hapo leo! Matupu ya kampuni moja ya meli, saizi moja, hata ukichukua la juu ni sawa, hakuna kufukua. Yapeleke kona ya mbali.

Supa_Nakuru:
Sawa kabisa. Yale ajenti hana tarehe?

Mzee_wa_Gati:
Hesabu yatakaa. Nyuma.