Itauma, Torrez au Jalolov: nani atakuwa bingwa wa uzito wa juu kabla mwaka 2027 haujaisha?

Kocha wa Mabibo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za jioni. Bingwa wa dunia wa uzito wa juu, Oleksandr Usyk, ameuacha mkanda wa WBO mwezi huu wa Novemba 2025, na Fabio Wardley, aliyemsimamisha Joseph Parker raundi ya 11 pale London mwezi uliopita, amepandishwa kuwa bingwa kamili. Kati ya mikanda minne mikuu ya dunia, Usyk amebaki na WBC, WBA na IBF, lakini Januari 2026 anatimiza miaka 39. Hata kama hapigwi na mtu, umri utamtoa, na mikanda itaanza kupatikana mmoja mmoja.

Nimebishana na vijana wangu wa mazoezini wiki nzima, sasa nauleta ubishi hapa. Nina majina matatu. Wote hawajapoteza pambano la kulipwa, na wote ni mashoto, kama Usyk mwenyewe.

Moses Itauma, miaka 20. Alizaliwa Kežmarok, Slovakia, baba Mnigeria na mama Mslovakia, akakulia Chatham kule Kent, Uingereza. Pambano lake la kwanza la kulipwa, Januari 2023, lilichukua sekunde 23. Kapigana 13, kashinda 13, na 11 kati ya hizo kwa KO, yaani bila kusubiri pointi za majaji. Alitaka kuivunja rekodi ya Mike Tyson ya bingwa mdogo kuliko wote wa uzito wa juu, miaka 20 na miezi minne, iliyowekwa tangu Novemba 1986. Muda huo ulimpita Mei mwaka huu.

Richard Torrez wa Tulare, California, miaka 26. Medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo. Kwa uzito huu ni mfupi, mita 1.88, lakini anakuja mbele kuanzia kengele ya kwanza na hampi mtu nafasi ya kuvuta pumzi.

Bakhodir Jalolov wa Uzbekistan, miaka 31, mita 2.01. Dhahabu Tokyo, dhahabu tena Paris 2024. Alipokwenda Paris alikuwa na mapambano 14 ya kulipwa, yote kashinda kwa KO.

Mimi naweka Itauma wa kwanza, Torrez wa pili, Jalolov wa tatu. Kinachonivuta kwa Itauma ni miguu, hata kabla ya ngumi zake. Mtazameni mguu wake wa mbele: kila mara anauweka nje ya mguu wa mpinzani, kisha mkono wa kulia unauziba mkono wa mbele wa yule mtu, na shoto linapita katikati. Hakimbilii KO. Anaiandaa. Kijana wa miaka 20 kuwa na subira hiyo mimi sijaona kwa muda mrefu. Leteni hoja.

Kijana wa Kayole

Kocha, salamu kutoka Riyadh, niko huku kikazi. Agosti nilikuwa ndani ya ANB Arena siku ile Itauma anacheza na Dillian Whyte. Nilikuwa sijakaa vizuri kwenye kiti, pambano limekwisha, hata dakika mbili hazikutimia. Nakubali, kijana ana kasi ambayo kwenye televisheni haionekani vizuri.

Lakini nikuulize: tulijifunza nini usiku ule? Whyte ana miaka 37. Alishapigwa na Anthony Joshua, akapigwa na Alexander Povetkin, akapigwa na Tyson Fury. Kabla yake kulikuwa na Mike Balogun, raundi mbili. Kabla ya hapo Demsey McKean, raundi moja. Mariusz Wach naye raundi mbili, na Wach ana miaka arobaini na kitu. Hakuna hata mmoja aliyemlazimisha kufikiri akiwa amechoka. Itauma hajawahi kuvuka raundi ya 6, na ubingwa ni raundi 12. Nusu ya safari hajawahi kuiona.

Mwana wa Katuba

Salamu wakubwa. Niko Lubumbashi. Hoja ya ndugu wa Kayole naiunga mkono, na ushahidi wake ulitokea hapa hapa nchini kwetu. George Foreman alipokuja Kinshasa mwaka 1974 alikuwa na miaka 25, kashinda mapambano 40, hajapoteza hata moja. Manane ya mwisho hayakuvuka raundi ya pili. Ali akamwacha apige mpaka mikono ikawa mizito, raundi ya 8 Foreman yuko chini. Na huyo alikuwa bingwa tayari, wala si chipukizi.

Mfano wa karibu zaidi ni Martin Bakole. Ni mtoto wa Kananga, mdogo wa Ilunga Makabu aliyekuwa bingwa wa WBC wa uzito wa cruiser, ulio chini ya uzito wa juu. Agosti 2024 walimpeleka Los Angeles kucheza na Jared Anderson. Wakati ule Anderson ndiye aliyekuwa na hadhi aliyonayo Itauma leo: kijana wa Toledo, Ohio, mapambano 17 bila kupoteza, mshirika wa mazoezi wa Tyson Fury, magazeti yote yanasema ndiye bingwa ajaye wa Marekani. Bakole alimwangusha raundi ya kwanza kwa ngumi ya kutoka chini. Anderson akainuka, akavumilia, raundi ya 5 mwamuzi akasimamisha. Tulimwonaka hapa usiku, mtaa mzima hakulala mtu.

Ninachotaka kusema ni kwamba Anderson hakuwa bandia. Alikuwa na kasi, mikono mizuri, akili. Ila hakuna aliyewahi kumpiga ngumi iliyomuumiza kweli, kwa hiyo yeye mwenyewe hakujua atafanya nini ikimpata. Aliijua akiwa amekaa sakafuni mbele ya uwanja mzima.

Mpemba wa Muscat

Ndugu zangu, mnamweka Jalolov wa tatu kama mtu wa kujazia nafasi. Kumbukeni Yekaterinburg, Urusi, 2019, mashindano ya dunia ya ngumi za ridhaa. Jalolov na huyo huyo Torrez. Raundi ya kwanza Torrez alilala, akatolewa ulingoni kwa machela. Wakakutana tena fainali ya Tokyo, majaji wote watano wakampa Jalolov, 5-0. Mtu amekupiga mara mbili, kwa njia mbili tofauti, halafu Kocha anamweka chini yako. Kwa mizani ipi?

Kocha wa Mabibo

Mpemba, swali lako ni la haki. Mizani yangu ni kalenda. Jalolov aliingia ngumi za kulipwa 2018, akawa anatoka na kurudi kwa sababu ya Olimpiki. Simlaumu, dhahabu mbili si kitu kidogo. Lakini ngumi za ridhaa ni raundi tatu, na miaka ile ambayo angejifunza raundi ya 8, ya 9, ya 10 ameitumia kwenye raundi tatu. 2027 ikiisha atakuwa na miaka 33 na bado anatafuta mpinzani wa kumpeleka mbali. Mabingwa hawana haraka ya kumpa nafasi shoto mwenye mita mbili anayepiga namna ile. Faida yake kwao ni ndogo, hatari ni kubwa.

Kuhusu Torrez, mimi nayasoma matukio hayo mawili kinyume na wewe. Kijana wa miaka 20 anatolewa kwa machela 2019, miaka miwili baadaye yuko fainali ya Olimpiki na mtu yule yule, na safari hii anamaliza raundi zote tatu kwa miguu yake. Nimefundisha vijana zaidi ya miaka kumi. Ninawajua waliolala mara moja mazoezini wakaacha kuja kabisa, na wengine walirudi lakini wakawa wanafumba macho kila ngumi ikitoka. Aliyerudi kwa yule yule aliyemlaza, huyo nampa heshima ambayo simpi mwenye KO kumi za raundi ya kwanza. Na Aprili mwaka huu alimaliza raundi 10 na Guido Vianello, Mwitaliano mrefu mwenye ngumi nzito, akashinda kwa pointi. Kati ya watatu hawa, ndiye pekee ninayejua kwa macho yangu kwamba ana raundi 10 za moto.

Dada wa Ulingoni

Kaka zangu, nimesoma yote. Mnaongelea ngumi, nami naomba niongelee makaratasi, kwa sababu mkanda haupatikani kwa ngumi peke yake.

Itauma yuko chini ya promota Frank Warren. Wardley, mwenye mkanda wa WBO, naye yuko chini ya Frank Warren. Maana yake pambano la ubingwa linaweza kupangwa ndani ya ofisi moja, bila mapromota wawili kuvutana mwaka mzima. Hiyo ni barabara ya lami. Torrez yuko kampuni ya mapromota ya Top Rank, ambao mkataba wao na ESPN uliisha Julai, kwa hiyo hata kupata usiku mzuri wa kuonekana kwenye televisheni ni kazi. Atategemea kupanda kwenye orodha na kusubiri Usyk aachie. Upande wa WBC yuko Agit Kabayel na mkanda wa muda, na mtu aliyewasimamisha Makhmudov, Sanchez na Zhang kwa ngumi za mbavu hatamwachia mtu zamu yake. Jalolov namuona mbali zaidi, hapo nakubaliana na Kocha.

Tusidanganyike na medali pia. Delicious Orie alipata dhahabu ya Jumuiya ya Madola Birmingham 2022, akacheza pambano moja la kulipwa Aprili mwaka huu, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba moyo wake haupo tena kwenye ngumi. Namheshimu kwa kusema ukweli mapema. Wardley hakupita ngumi za ridhaa kabisa, alianzia kwenye mapambano ya wafanyakazi wa ofisini, na leo mkanda uko kiunoni kwake.

Kijana wa Kayole

Dada, hapo umenigusa. Hiyo barabara ya lami ndiyo inayonitia hofu kwa Itauma. Njia ikiwa rahisi mno, atafika kwa Wardley kabla hajawa tayari. Juni, kule Ipswich, Wardley alikuwa anapoteza kwa pointi kwa Justis Huni mpaka raundi ya 10, akarusha kulia moja tu, Huni akabaki chini. Kwa Parker ni hivyo hivyo, alikuwa nyuma, akamsimamisha raundi ya 11. Huyu jamaa anaishi kwenye zile raundi ambazo Itauma hajawahi kufika.

Mwana wa Katuba

Ni kweli kabisa. Haraka inaua. Bakole mwenyewe, baada ya kumpiga Anderson, Februari mwaka huu Daniel Dubois, aliyepangwa kucheza na Parker, aliugua, wakampigia simu akiwa Congo, siku mbili kabla. Akapanda ndege, akapima kilo zipatazo 143, akaingia ulingoni na Parker. Raundi ya pili limekwisha. Nafasi ya maisha ilimjia wakati mwili hauko tayari, na tangu siku ile hajairudia hadhi aliyokuwa nayo. Itauma ana miaka 20. Watu wake wampe mtu mgumu kwanza, asiyeanguka.

Kocha wa Mabibo

Na mtu huyo yupo: Jermaine Franklin. Alimaliza raundi 12 na Whyte, akamaliza 12 na Joshua, hajawahi kusimamishwa. Mikono yake haitishi, lakini atakulazimisha ufanye kazi. Hapa kwetu kijana akiwa anawalaza wote mazoezini, kila raundi mbili namletea mtu mpya mwenye pumzi mpya. Raundi ya 6 naona kama bado anarudisha mkono kwenye shavu baada ya kupiga. Mkono ukianza kushuka, sina haja ya kutazama zaidi, bado hajawa tayari. Itauma dhidi ya Franklin nitatazama mkono wake wa kushoto kuanzia raundi ya 7, sitahesabu ngumi.

Mmenifanya nibadilishe kitu kimoja. Mwanzoni nilisema Itauma wa kwanza bila sharti. Sasa nasema wa kwanza, ila apite kwa Franklin au mtu wa aina hiyo kabla ya Wardley. Akirukishwa moja kwa moja, namweka Torrez juu.

Mpemba wa Muscat

Bado Jalolov wangu simshushi, lakini hoja ya raundi nimeipokea. Kumbukeni pia kupoteza si mwisho. Dubois alisimamishwa na Joe Joyce 2020, watu wakamzika akiwa hai. Miaka minne baadaye alimlaza Joshua raundi ya 5 pale Wembley akiwa na mkanda wa IBF. Kwa hiyo hata Itauma akianguka mwaka kesho, 2027 bado ipo.

Dada wa Ulingoni

Kocha, la mwisho kutoka kwangu. Tuseme ndiyo hiyo siku. Wewe uko kwenye kona ya Itauma, raundi ya 9 imekwisha, anaongoza kwa pointi lakini anapumua kwa mdomo. Upande wa pili yuko Wardley. Unamwambia nini?

Kocha wa Mabibo

Dada, kwanza namnyamazisha kila mtu kwenye kona, kijana asikie sauti moja. Namwambia asiende kwenye kamba hata kama anaona kuna upenyo, Parker alimalizwa kwenye kamba. Akae katikati ya ulingo, azunguke upande wake wa kulia, mbali na mkono wa kulia wa Wardley, arushe mkono wa mbele kisha atoke, asibaki kutazama kama umeingia. Shoto alifiche mpaka raundi ya 11. Wardley hatawinda kwa pupa ikiwa hajui shoto liko wapi.

Halafu nampa maji, namshika kifuani nihesabu pumzi naye mpaka kengele ilie.