Binti wa darasa la tatu: kutoa kwa kukopa kunamshinda, tebo haimkai. Nimsaidieje nyumbani?

MamaWawili
Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu kwenye kujumlisha yuko vizuri, balaa liko kwenye kutoa. Nikimpa 52 − 27 ananiletea 35 na anashikilia kuwa amepata. Tebo anaiimba yote jioni, lakini ukimuuliza 6 × 7 ghafla lazima aanzie 6 × 1. Tunakaa saa nzima kila siku, mwisho ni machozi. Nianzie wapi?

Tarakimu
Dada, hiyo 35 imeshakuonyesha tatizo lilipo. Kwenye mamoja ameona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa: 7 − 2 = 5. Makumi, 5 − 2 = 3. Kuhesabu anajua, asichokiona ni kwamba ile 5 ni makumi matano. Ukimwongezea maswali ya aina hiyo sasa hivi, unalikomaza kosa.

Tafuta vijiti 100 na mipira ya kufungia. Afunge mwenyewe mafungu ya kumi kumi, usimfungie. Aweke 52: mafungu 5, vijiti 2. Mwambie atoe 27. Atatafuta vijiti 7, hana. Hapo nyamaza, hata akikaa dakika nzima anakutazama. Akishafungua fungu moja atakuwa na mafungu 4 na vijiti 12. Kabla hajaendelea muulize: "Vyote kwa pamoja vimeongezeka, vimepungua, au ni vilevile?" Asipojibu kwa uhakika kwamba bado ni 52, rudia, maana kukopa kote kumesimama hapo. Kisha 12 − 7 = 5, mafungu 4 − 2 = 2. Jibu 25.

Akizoea, achore: mstari kwa kumi, nukta kwa moja. Kuandika kwa wima kuje baada ya hapo. Na changanya maswali, 58 − 23 kisha 53 − 28, aseme kwanza kama fungu litafunguliwa au la. Ukimpa ya kukopa matupu, atakopa hata pasipohitajika.

Kila jibu alihakiki kwa kujumlisha. 35 + 27 ni 62, kwa hiyo 35 ataikataa mwenyewe.

MamaWawili
Asante sana. Na ikiwa katikati kuna sifuri, kama 403 − 168?

Tarakimu
Hapo huteleza hata wakubwa. Mamoja yanataka kukopa, makumi hayana kitu, basi mtoto anaruka moja kwa moja hadi kwenye mamia na kusahau kituo cha katikati. Afungue mia moja kwanza: mamia 3, makumi 10, mamoja 3. Ndipo afungue kumi moja: mamia 3, makumi 9, mamoja 13. Sasa 13 − 8 = 5, 9 − 6 = 3, 3 − 1 = 2. Jibu ni 235. Hatua hizo mbili aziandike kwenye mistari miwili tofauti. Akizibana juu ya tarakimu moja, ile 9 ndiyo inayopotea.

Kipeo
Mimi niseme la tebo. Wimbo humfundisha mpangilio tu, ndiyo maana hawezi kuingilia katikati. Kuanzia 1 × 1 hadi 10 × 10 kuna maswali 100, lakini akijua kwamba 6 × 7 na 7 × 6 ni kitu kimoja yanabaki 55. Ondoa ya 1, 2, 5 na 10, ambayo ni mepesi: yamebaki 21. Mwonyeshe hesabu hiyo, itampunguzia woga.

Hayo 21 ayafikie kwa njia. Ya 4 ni ya 2 mara mbili, ya 8 ni ya 4 mara mbili. Ya 9 ni ya 10 ukitoa namba yenyewe mara moja: 9 × 7 = 70 − 7 = 63. Kwa 6 × 7, aanze na 5 × 7 = 35, aongeze 7, apate 42. Kisha kadi: swali mbele, jibu nyuma. Kila siku kadi 10, 7 anazozijua na 3 mpya, zikichanganywa. Aliyokosa yarudi kesho yake, aliyopata yarudi baada ya siku tatu, halafu wiki.

Mkokotoaji
Nyongeza kwa Kipeo: usimwekee saa mapema. Mtoto anayekimbizwa hubahatisha, na jibu la kubahatisha likirudiwa hukaa.

Na ile saa nzima ipunguze, mama. Dakika 15 zinatosha: 5 za kadi, 10 za vijiti, na mkomee kwenye swali alilolipata. Penseli ishikwe na yeye tu. Muulize "umepataje?" hata akiwa amepata, ukiuliza anapokosa tu, atajua swali hilo maana yake amekosea na atafuta kazi kabla hujaiona.

Pia fungua daftari lake la shule uone mwalimu anapanga kutoa namna gani, umfuate. Njia mbili tofauti za kuandika humchanganya mtoto ambaye bado hajaishika hata moja.