Simu zinaita kwenye maji na mpira, ikifika kitabu laini inakufa. Nifanyeje?

Bahari_Kuu

Wakuu habarini za jioni. Natangaza kwenye redio jamii moja huku mkoa wa Tanga, sio redio kubwa, tunasikika wilaya yetu na kidogo kwa jirani, ukipanda milimani tunakatika. Nina kipindi Jumamosi saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Tunaanza na magazeti, halafu mambo ya mtaani, maji, barabara, shule, diwani au mtendaji akikubali kuja anakaa studio watu wanamuuliza, halafu kitabu, tunamalizia na mpira.

Kwenye maji simu hazipumui. Kwenye mpira ndo usiseme kabisa. Ile derby ya tarehe 8 Machi 2025 mnaikumbuka, ilikuwa Jumamosi, Simba wameshasema hawaingizi timu kwa sababu jana yake walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani, mechi ikaja kuahirishwa siku hiyohiyo. Asubuhi ile mimi niko hewani na watu wananipigia wakiwa na kanuni za ligi kwenye simu zao, wanasoma kifungu kwa kifungu, mmoja dereva wa bodaboda akabishana na mwalimu karibu dakika kumi juu ya neno moja tu lina maana gani. Mpaka mechi ilipokuja kuchezwa Juni 25 Yanga wakashinda 2-0 bado kuna watu walikuwa wanarudi na vifungu vyao.

Sasa ikifika saa ya kitabu kimya. Nimejaribu riwaya, nimejaribu ushairi, nimemleta Shaaban Robert ambaye ni mtoto wa hapahapa Tanga nikajua sasa hapa watu wataamka, simu iliyoingia ni ya mtu anaulizia Coastal Union wanacheza saa ngapi. Iliniuma sana. Meneja anasema dakika zile tuweke mikeka ya kubeti maana ndo inaleta matangazo. Mimi sitaki kukiacha kitabu, huku kwetu watu wengi kitabu cha mwisho kushika mkononi kilikuwa cha shule. Naombeni ushauri, hasa waliowahi kufanya kazi redioni au wasikilizaji wa zamani.

Babu_Mkulima

Kijana, swali lako zuri na jibu lako umeshalitoa mwenyewe humo humo ila umelipita.

Mwaka 1973 nilikuwa darasa la nne. Radio Tanzania Dar es Salaam ikaleta kampeni ya Mtu ni Afya, wiki 12, na baba yangu alikuwa kwenye kikundi. Wanakaa chini ya mwembe jioni, redio moja, kijitabu kimoja, na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo. Wanasikiliza kipindi, halafu anasoma kijitabu kwa sauti kwa sababu wengi pale kusoma walikuwa hawajui au ndo kwanza wako elimu ya watu wazima, halafu wanajadili, na mjadala wenyewe sio wa mchezo, watu walikuwa wanagombana mpaka usiku kuhusu mbu na maji ya kuchemsha. Wakishamaliza kugombana wanakubaliana la kufanya. Choo chetu cha kwanza cha shimo kilichimbwa wiki ileile na mimi ndo nilikuwa nabeba udongo. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni 2.

Sasa angalia hapo. Hao watu kitabu hakikuwashinda, na wengi hawakujua hata a wala be. Kilichowafanya waongee ni kwamba wote walisikia maneno yaleyale kwa wakati mmoja. Mpira wako kila mtu kauona, maji kila mtu kayakosa, zile kanuni za ligi kila mtu katumiwa kwenye simu. Ila kitabu umekisoma wewe peke yako ndani kwako halafu Jumamosi unawauliza wamekionaje. Watakujibu nini? Msomee mtu kwanza, ndo umuulize.

fundi_mitambo

Babu kamaliza, mimi naongeza ya kiufundi maana nimekaa studio za redio ndogo kanda ya ziwa miaka kadhaa.

Mkuu usisome Jumamosi. Tafuta dakika kumi kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa, saa ileile bila kuhama, soma kitabu kimoja mfululizo, Jumamosi ndo mjadala. Mtu akikosa Jumanne atamuuliza jirani ilikuwaje, na hapo ndo umeshampata na jirani. Na usikisome kama unasoma taarifa ya habari tafadhali, tafuta mtu mwenye sauti ya kusimulia hata kama hajawahi kukaa kwenye maiki, mara nyingi ni mwalimu wa madrasa au bibi fulani hivi. Kabla ya yote omba ruhusa ya mwandishi na mchapishaji kwa maandishi, kusoma kitabu chote hewani ni mambo ya hakimiliki hata kama redio yenu haitengenezi faida. Wapo wanaokubali vizuri tu, wanataka wasomwe.

Kingine simu. Vocha ni hela. Kwenye mpira mtu atachoma salio lake kwa hasira, kwenye kitabu hatachoma. Waambie wabipu, nyie ndo mpige. Na pokea sauti za WhatsApp, watu wenye aibu wanaongea vizuri sana wakiwa peke yao na simu.

Halafu kitabu umekiweka vibaya. Mtu katoka kugombana na diwani damu imechemka ghafla unamletea shairi, hawezi. Mpe wimbo mmoja wa zamani katikati hapo apoe.

Mama_Genge

Kaka mimi nakusikiliza kabisa niko hukuhuku. Nikwambie kitu ambacho hao wengine hawatakwambia. Jumamosi saa tatu asubuhi mimi niko gengeni napanga nyanya, wateja wamenizunguka, redio naisikia ila simu siishiki, wanaokupigia saa ile ni wanaume walioko kijiweni wanasubiri abiria. Ndo maana simu zako ni mpira na siasa, sio kwamba wilaya nzima inawaza mpira. Sisi tuko, ila saa hiyo mikono haiko huru.

Mimi nakaa chini saa moja na nusu usiku, nakuna nazi, watoto wapo, redio ipo. Hapo nisomee hata robo saa nitakusikiliza. Na uchague kitabu chenye mambo yetu. Ukinisomea habari ya mama kachukua mkopo wa kausha damu mpaka wakambebea kitanda, nakuhakikishia sitasubiri Jumamosi, nitakupigia usiku huohuo maana hayo nimeyaona kwa macho yangu hapa nyumba ya tatu. Na wanawake wa kikoba chetu tuko 22, tunakutana kila wiki, tukishahesabu hela kinachofuata ni kupiga stori tu. Hapo si ndo kama huo mwembe wa babu?

Nyali_Mombasa

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu marehemu Leonard Mambo Mbotela, Mungu amrehemu alifariki Februari 2025, alianza kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966 na kikasikilizwa miaka na miaka. Kilikuwa kifupi. Anachukua jambo dogo tu la jinsi watu wanavyoishi na wenzao, anakueleza, halafu anakuuliza je huu ni ungwana, na kwetu nyumbani babangu na mamangu walikuwa wanabishana wiki nzima. Swali lilikuwa juu ya kitendo cha mtu, hakuuliza umejifunza nini. Kwa hivyo ndugu yangu ukisoma kitabu katiza pale mhusika amefika njia panda, hajaamua, ufunge maiki. Waulize huyu wewe ungemshauri vipi. Usiwaulize maudhui na dhamira, hayo yanawakumbusha mtihani na watu wanakimbia.

La siasa nikuambie kwa uzito. Sisi baada ya uchaguzi wa 2007 tuliona laini ya simu iliyo wazi inaweza kufanya nini, ripoti ya 2008 ya Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile ilizitaja redio za lugha za kienyeji kwa kueneza chuki, na mtu alikuwa anapiga tu anaingia hewani moja kwa moja. Hata kwa maji na barabara, mpokee kwanza mtu nje ya hewa, ujue ni nani na anataka kusema nini, ndio umuingize. Na kama mitambo yenu inaweza kuchelewesha sauti sekunde chache, fanyeni hivyo.

Bahari_Kuu

Babu shikamoo. Nimeisoma hiyo ya mwembe mara tatu. Nilikuwa naona watu hawapendi kusoma, kumbe wale wa kanuni za ligi walikuwa wanasoma kuliko mimi.

Nimeongea na meneja leo mchana, amekubali robo saa usiku saa moja na nusu siku tano kwa majaribio ya mwezi mmoja, na mikeka imesubiri. Msomaji nishampata, ni mama mmoja mstaafu alikuwa anafundisha darasa la kwanza, anasimulia mpaka unaona. Kuhusu ruhusa kesho namuandikia mchapishaji. Nyali, kuchelewesha sauti mitambo yetu haiwezi ila kupokea watu nje ya hewa tunaanza Jumamosi hii.

Mama Genge, kikoba chenu kinakaa lini? Nataka nije na kinasa sauti niwarekodi mkijadili sura ya kwanza, Jumamosi nianze na sauti zenu kabla sijafungua simu.

Mama_Genge

Alhamisi saa kumi jioni. Njoo saa kumi na moja hela ziwe zimeshahesabiwa, na huyo mwalimu umlete na yeye.