Naomba ushauri: najaza daftari la usharika kwa mwaka wa Korona, je, niandike na ugomvi wetu?

MtunzaDaftari
Shalom wapendwa. Nina jambo linaloninyima usingizi, na hapa nilipo sina wa kumuuliza, maana kila ninayemjua ni mhusika.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee. Usharika wetu una daftari la kumbukumbu tulilorithi kwa waliotutangulia. Kila Jumapili huandikwa somo, aliyehubiri, waliohudhuria, sadaka, waliobatizwa, waliozikwa. Tangu katikati ya Machi 2020 kurasa ni tupu. Mambo yalikuwepo mengi, ila hatukujua kama tulichokuwa tukifanya ni ibada ya kuingizwa daftarini. Mchungaji anahubiri mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye vitabu vya nyimbo, mabenchi yote wazi: hapo waliohudhuria ni wangapi? Ni sisi wawili tuliokuwa tumeishika ile simu isianguke, au kila nyumba iliyoifungua?

Sasa mwaka umetimia na nimeagizwa nijaze. Mwenyekiti anataka kurasa mbili tu: tulifunga, tukaomba, Bwana akatuvusha. Nimeandika mara tatu, nikachana mara tatu.

Mambo yalikuwa hivi. Wiki ya kwanza tuligombana kama tufunge au tusifunge. Mzee mmoja alisoma Waebrania 10:25, tusiache kukusanyika pamoja, akasema tunaogopa ugonjwa kuliko tunavyomwogopa Mungu. Muuguzi aliyemo kwenye baraza alilia mbele yetu. Tukapiga kura, tukafunga, na familia kadhaa zikahama. Kisha ikavuma kwamba mwanakwaya mmoja ndiye "aliyeleta" ugonjwa kwenye mazoezi ya mwisho. Hakuna aliyekuwa na uhakika, lakini jina lake lilizunguka kwenye kundi la WhatsApp la usharika hata kabla hajatoka hospitali. Alipona. Hajaimba tena.

La tatu ndilo linalonikaa kifuani. Mzee aliyekuwa akitupigia kengele tangu mimi mtoto alifariki. Wakati ule maziko yalikuwa ya watu wachache, wala mwili haukuingizwa kanisani. Barua ya kuijulisha familia hayo niliiandika mimi na kuisaini mimi, mistari minne. Nikampa kijana aipeleke, nikabaki nyumbani. Tumeshafungua, lakini mjane na binti yake hawajarudi.

Je, ugomvi niuandike? Jina la mwanakwaya? Na hiyo barua?

SautiYaTatu
Pole sana ndugu katibu. Mimi ni mwanakwaya, na hilo la mwenzetu limeniumiza.

Jina lake usiliandike kabisa. Kuna kwaya moja kule Mount Vernon, jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020 watu 61 walifanya mazoezi ya saa mbili na nusu kwenye ukumbi wa kanisa. Mmoja alikuwa na dalili kama za mafua ya kawaida. Waliougua baadaye ni 53: 33 walithibitishwa kwa vipimo na 20 walihesabiwa kwa dalili, na wawili wakafa. Hawakuwa watu wa kupuuza mambo, walijitahidi na usafi wa mikono. Ila siku hizo sote tuliambiwa tunawe na tusiguse uso, na ni wachache waliotuonya kuhusu hewa tunayoitoa tukiimba. WHO wenyewe walitamka kwamba hili ni janga la dunia kesho yake, tarehe 11.

Wataalamu wa afya waliandika taarifa ndefu juu ya kwaya ile: viti vilivyopangwa, muda waliokaa, vitafunio walivyokula pamoja. Jina la aliyeanza kuumwa hawakulitaja. Kama wao waliokuwa wakitafuta chanzo hawakulihitaji, daftari lenu linalihitajia nini?

Ila andikeni kwamba alisingiziwa. Hilo lilitendwa na usharika, si na yeye.

MamaWaZamu
Mimi natofautiana kidogo na mnavyoelekea. Waswahili walisema funika kombe mwanaharamu apite. Wale waliopiga kelele dhidi ya kufunga wako hai, wana watoto ambao kesho watalisoma hilo daftari. Kila mtu aliongea kwa hofu mwaka ule. Mimi mwenyewe nilimwambia dada yangu maneno ambayo namshukuru Mungu hakuna aliyeyaandika.

Andika walioaga dunia na tarehe za kufunga na kufungua. Mengine mwachieni Mungu.

MsomaKale
Mama, nakuelewa, lakini tazama kinachotufaa leo kutoka kwa waliotutangulia.

Kijiji cha Eyam, Uingereza, kiliingiwa na tauni mwaka 1665. Mwaka uliofuata wanakijiji walikubali kujifungia wasiwaambukize jirani. Mchungaji wao, William Mompesson, alihamishia ibada bondeni, nje, watu wakasimama mbalimbali. Kila familia ilizika wafu wake yenyewe, mashambani na bustanini. Yote hayo yanasimuliwa hadi leo. Pamoja nayo husimuliwa kwamba watoto wake mwenyewe alikuwa ameshawapeleka mbali, kwamba mkewe Catherine alibaki naye akafa Agosti 1666, na kwamba mchungaji aliyemtangulia, Thomas Stanley, aliondolewa kazini kwa sababu za imani, na bado wawili hao wakasimama pamoja kuwaomba watu wajifungie. Tungeachiwa kurasa mbili za "Bwana akatuvusha", tusingejua kwamba watu waliotofautiana vile waliwahi kusimama bega kwa bega.

Na hilo la kuhesabu waliohudhuria: Milano, Italia, ilipopigwa na tauni mwaka 1576, Askofu Mkuu Carlo Borromeo aliagiza altare ziwekwe njia panda, waliofungiwa majumbani wafuate misa kutoka madirishani. Basi na hao waliofungua simu walikuwa ibadani. Andika nyumba ngapi na ueleze ulivyohesabu.

MchungajiMstaafu
Mwanangu katibu, nimesoma taratibu.

Kuhusu ugomvi, andika hoja za pande zote mbili, majina uyaache. Na uziandike kwa heshima, kwa sababu zote mbili zilikuwa na uzito. Mwaka 1527 Martin Luther aliulizwa na wachungaji wa Breslau (leo Wrocław, Poland) kama Mkristo anaruhusiwa kukimbia tauni. Jibu lake linazibana pande zote. Alisema atakwepa mahali na watu wasiomhitaji, asije akawaambukiza akawa sababu ya kifo chao. Tena akasema wachungaji na wenye dhamana wabaki, na jirani mgonjwa asiachwe peke yake. Mzee wenu aliyesoma Waebrania alikuwa akitetea hilo la pili. Muuguzi aliliona la kwanza kwa macho yake kazini. Mlikosea pale kila mmoja alipodhani mwenzake hana imani au hana akili.

Barua ni jambo jingine. Hapo usitushirikishe sisi kwanza. Umekaa na kalamu ukitafuta maneno ya daftari, na mjane yuko nyumbani. Nenda. Usiende na mwenyekiti, usiende na zawadi, usiende na maelezo ya kanuni za wakati ule, anazijua. Kaa usikilize. Ukirudi utajua cha kuandika.

BintiWaJumuiya
Naongeza dogo tu. Msisahau walioachwa nje kwa kukosa simu au bando, na wazee wasiosikia vizuri. Kwetu kijana mmoja aliandika mahubiri kwa mkono kila wiki, akayapitisha chini ya milango. Mambo kama haya yatapotea yasipoandikwa mwaka huu.

MtunzaDaftari
Nimerudi baada ya wiki mbili. Asanteni nyote. Mama wa Zamu, neno lako limenisaidia, majina ya waliogombana nimeyaacha.

Nilianza kwa mwanakwaya. Hakutaka aandikwe popote. Aliniambia tu kwamba siku 19 alizolala hospitali alikuwa akisoma kundi letu la WhatsApp, na hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu. Hilo ameniruhusu kuliandika bila jina.

Kisha nikaenda kwa mjane. Alinikaribisha, akaingia ndani, akatoka na ile barua. Akaniambia, "Niisomee, macho yangu hayaoni vizuri." Nikasoma. Mistari minne ilikuwa mirefu kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuyasoma. Nilipomaliza akaniuliza, "Jina lake liko wapi?" Nikaangalia. Halikuwepo. Nilikuwa nimeandika "marehemu" mara mbili. Mtu aliyeniita kanisani kwa kengele maisha yangu yote, na sikumwandika jina.

Niliomba msamaha. Hakusema amenisamehe, wala mimi sikumbana. Alinisimulia maziko. Walikuwa saba. Binti yake alianzisha wimbo ambao baba yake aliupenda, akafika mwisho wa ubeti wa kwanza, akashindwa kuendelea, na hakuna aliyeweza kumpokea. Wakafukia kimya. Nilipouliza kama naweza kuandika hayo, alisema, "Andika. Na barua yako ibandike hapo hapo." Binti alikuwa chumbani, hakutoka kunisalimu.

Barua nimeibandika. Chini yake nimeandika jina lake kamili, tarehe, na miaka aliyopiga kengele. Waliozika: 7. Mahali pa wimbo: ubeti mmoja. Kurasa zimefika 31 na bado sijamaliza mwezi wa Agosti. Mwenyekiti amezisoma zote. Bado hajasaini, lakini jana aliniomba daftari alirudie kulisoma nyumbani kwake, nami nimempa.